Sheria nazo zinataka sevisi, na fundi wake ni nani

Kazi yangu ya kwanza kabisa kwenye ofisi ya mawakili ilikua mkasi na gundi. Nilikua nimeenda fildi miezi mitatu, nikafikiri ntaandika hoja, ntabeba mafaili kwenda mahakamani, kumbe nilikua nasubiriwa na kabati zima la vitabu vya sheria na rundo la karatasi za marekebisho. Maelekezo yalikua mafupi: kila marekebisho yaliyopitishwa, kata kipande chenye maneno mapya, kibandike juu ya kifungu cha zamani, na palipofutwa piga mstari kwa peni nyekundu. Kuna kurasa zilikua zimebandikwa mara nne au tano mpaka zimekua ngumu kama kadibodi. Na kuna vifungu ambavyo ukimaliza kubandika havisomeki tena, kwa sababu marekebisho ya mwaka huu yanasema "ondoa neno fulani weka fulani" wakati neno lenyewe lilishaondolewa na marekebisho mengine miaka sita nyuma na hakuna aliyekumbuka.

Nikamuuliza msimamizi wangu, mzee wa watu, nikamwambia mzee shikamoo, hivi hivi vitabu nani anaviangalia vyote kwa pamoja kuona kama bado vinaleta maana? Akaniangalia kidogo akasema, "Hapa ofisini, mwanangu, ni wewe."

Wiki mbili baadaye wakili mmoja wa ofisi ile alisimama mbele ya hakimu akasoma kifungu ambacho kilikua kimeshabadilishwa, alichukua kitabu ambacho nilikua sijakifikia. Kesi ikaahirishwa. Mteja alikua mama mmoja aliyesafiri kutwa nzima kuja kuisikiliza na ikabidi arudi vile vile. Toka siku hiyo lile swali halijawahi kuniacha. Sheria inatungwa kwa shamrashamra, kuna mjadala, kuna kupiga kura, kuna picha ya mtu anasaini, lakini baada ya hapo nani anaitunza? Gari ukinunua unajua kabisa kuna siku litataka sevisi, sheria je?

Ukitulia ukafikiria utaona karibu hakuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Mbunge ana jimbo na ana uchaguzi, hajawahi kupata kura kwa sababu amenyoosha kifungu kilichopinda miaka 40 iliyopita. Wizara inashughulika na kinachowaka leo, na hata maafisa wake wakijua sheria fulani imechakaa, kuileta bungeni kunahitaji nafasi kwenye ratiba, na nafasi zinagombaniwa. Majaji ndo wanaziona nyufa kila siku, lakini jaji anasubiri kesi iletwe, na ikija anaamua hiyo iliyo mbele yake, hawezi kubomoa nyumba nzima akajenga upya kwa sababu ya mlango mmoja. Mawakili tunazijua nyufa vizuri sana afu tunazitumia. Huo ndo ukweli, wakili mzuri anaijua sehemu mbovu ya sheria na anampitisha mteja wake hapo hapo, hana sababu ya kuiziba.

Kwa hiyo sheria mbovu inaweza kukaa tu. Wote wanaiona na hakuna wa kuigusa.

Mfano ulionifungua macho ni huu. Kwa karne nyingi sheria ya Uingereza ilisema mtu akijeruhiwa na mwenzake, ili ihesabike kwamba ameuawa lazima afe ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu ajeruhiwe. Akifa baada ya hapo, hakuna kesi ya kuua, aliyempiga atashtakiwa kwa kosa jingine kama kujeruhi basi. Na kanuni hii ilipowekwa ilikua na akili yake kabisa: zamani zile mtu akifa miezi kumi na tano baada ya kipigo, nani angeweza kusema amekufa kwa kipigo au kwa homa aliyoipata katikati? Kuliko kumnyonga mtu kwa kubahatisha, wakaweka kikomo. Afu dunia ikaja na mashine za kupumulia. Sasa mtu anaweza kulala hajitambui miaka miwili, madaktari wanajua bila shaka yoyote ni jeraha gani lililomweka pale, na kila siku anayoishi kwa msaada wa mashine ni siku inayomsogeza aliyempiga mbali na kesi ya mauaji. Yaani uangalizi mzuri wa hospitali unageuka kua utetezi wa muuaji, na ndugu wamekaa pembeni ya kitanda.

Tume ya sheria ya Uingereza na Wales, yaani chombo ambacho kazi yake ni kupitia sheria na kupendekeza zirekebishwe vipi, ikaichukua hiyo kanuni, ikauliza watu, ikatoa ripoti mwaka 1995 na mwaka 1996 Bunge likaifuta. Lakini angalia walivyofanya, maana hapa ndo unaona tofauti ya fundi na mtu mwenye nyundo. Hawakufuta tu wakaondoka. Walijiuliza, je mtu aliyeshatumikia kifungo chake cha kujeruhi, afu majeruhi wake akafa miaka kumi baadaye, tumrudishe kizimbani bila kufikiri? Wakaweka kinga: kama kifo kimetokea zaidi ya miaka mitatu baada ya jeraha, au kama mtu alishahukumiwa kwa kosa linalotokana na tukio hilo hilo, kesi haifunguliwi mpaka Mwanasheria Mkuu aridhie. Hicho kipande kidogo mwisho ndo kazi yenyewe. Kufuta anaweza yeyote.

Tume hiyo ilianzishwa mwaka 1965, wa Scotland wakapata ya kwao kwa sheria hiyo hiyo, na mwenyekiti wa kwanza wa ile ya Uingereza alikua jaji Leslie Scarman. India walikua na wazo la aina hii toka 1834, enzi za mkoloni, chini ya Mwingereza mmoja anaitwa Macaulay, na ndo ikaandaa kile kitabu cha makosa ya jinai kilichopitishwa 1860 na kuishi mpaka 2024. Lakini muundo wa 1965 ndo ulioigwa sana duniani. Kwa maneno ya kawaida kazi waliyopewa ni kuiangalia sheria yote muda wote, kuipanga, kuondoa inayogongana, kufuta isiyo na kazi, kupunguza wingi wa sheria zinazoongelea jambo moja, na kuifanya iwe rahisi na ya kisasa. Soma tena hapo kwenye "yote" na "muda wote". Ndo kwa mara ya kwanza swali langu la gundi lilipata mtu wa kulijibu.

Watu wengi wakisikia "tume huru" wanafikiri ni tume inayofanya inachotaka, na hapo naomba tuelewane maana uhuru wenyewe una mipaka. Makamishna wa ile tume ni watano, wanateuliwa na Lord Chancellor, yaani waziri wa sheria wa kule, programu yao ya kazi inapita kwake aikubali, na hela zinatoka serikalini. Kwa hiyo uhuru uko wapi? Uko kwenye jibu. Waziri anaweza kuamua waulizwe nini, hawezi kuwaambia waone nini. Wakimaliza ripoti inachapishwa, na kila mtu anaisoma, hata kama inasema kitu ambacho serikali ingependa kisisemwe. Malawi wamelipeleka mbali zaidi, tume yao ya sheria iko ndani ya Katiba yenyewe ya 1994, na Katiba inasema tume haitaingiliwa wala kuelekezwa na mtu au mamlaka yoyote. Mimi naipenda hiyo. Kitu kilichoandikwa kwenye Katiba hakifungwi kwa kukatiwa bajeti usiku mmoja bila watu kujua.

Sasa niingie kwenye kazi ya ile tume ya Uingereza ninayoipenda kuliko zote. Inahusu neno moja, kushika.

Mzigo unapopanda meli mwenye meli anatoa karatasi inaitwa hati ya shehena. Hiyo karatasi ina nguvu za ajabu, aliyeishika ndo mwenye haki ya kudai mzigo. Ukitaka kuuza mzigo ukiwa bado baharini, unampa mnunuzi karatasi, amekua yeye mwenye haki. Benki ikitaka dhamana inashika karatasi. Biashara ya baharini dunia nzima imejengwa juu ya mkono ulioshika karatasi, na mikataba mingi sana ya biashara hiyo, hata kati ya nchi mbili ambazo hazina uhusiano wowote na London, inaandikwa ifuate sheria ya Uingereza. Tatizo ni kwamba kwa sheria ile kitu kisicho na umbo huwezi kukishika. Karatasi unaishika, faili la kompyuta hulishiki. Kwa hiyo mwaka 2020 watu tunafanya kila kitu kwa simu lakini hati ya shehena bado inasafirishwa kwa ndege kutoka ofisi moja hadi nyingine, na mara nyingine meli inafika bandarini kabla ya karatasi yake, mzigo unakaa unasubiri. Kilipokuja Covid na ndege zikapungua ndo kila mtu akaona aibu ya jambo hili.

Ungedhani suluhisho ni rahisi, andika sheria ya mstari mmoja, "hati za kielektroniki ni sawa na karatasi". Serikali ikawapa tume hiyo kazi na tume ikagundua huo mstari mmoja ungeleta janga. Kwa nini? Kwa sababu karatasi ina tabia ambayo hatujawahi hata kuipa jina, haiwezi kua mikononi mwa watu wawili kwa wakati mmoja. Nikikupa, mimi sina. Faili nikikutumia kwa barua pepe, mimi bado ninalo, wewe unalo, na ukimtumia mwingine tumekua watatu wote tunadai mzigo mmoja. Kwa hiyo swali halikua teknolojia gani itumike, swali lilikua karatasi ilikua inatufanyia kazi gani siku zote hizi bila sisi kujua. Wakakaa na hilo swali, wakatoa waraka wa maoni 2021, wakasikiliza wenye meli, mabenki, watu wa bima, wataalamu wa kompyuta, wanasheria, afu Machi 2022 wakatoa ripoti na muswada ukiwa tayari umeandikwa ndani yake. Jibu lao: hati ya kielektroniki itakubalika kama mfumo uliotumika ni wa kuaminika, unaitofautisha na nakala zake, unailinda isibadilishwe na mtu asiyeruhusiwa, hauruhusu zaidi ya mtu mmoja kuitawala kwa wakati mmoja, na ukiihamisha aliyekua nayo anaipoteza. Basi ikifikia hapo, sheria inasema imeshikika.

Hawakutaja teknolojia yoyote kwa jina. Hilo nalo ni ufundi, maana sheria inayotaja teknolojia ya mwaka huu baada ya miaka kumi itakua inanisubiri mimi na gundi. Ilipitishwa Julai 2023, ina vifungu saba tu. Vifungu saba, na nyuma yake kuna miaka ya watu kukaa na neno moja. Nani mwingine serikalini ana ruhusa ya kukaa hivyo na neno moja? Waziri hana huo muda hata angetaka.

Kuna nyingine inayonigusa kwa sababu ya yule mama aliyerudishwa. Tume hiyo hiyo iliangalia sheria za kutoa adhabu mahakamani, yaani mtu ameshakutwa na hatia, sasa jaji anataka kujua kifungo gani kinaruhusiwa. Sheria hizo zilikua zimetawanyika kwenye sheria kibao na marekebisho juu ya marekebisho, kila moja ikianza kutumika tarehe yake, tume ilipozikusanya sehemu moja zikafika zaidi ya kurasa 1,300. Na ulikuwepo uchambuzi wa kesi 262 za Mahakama ya Rufaa za mwaka 2012, zilizochaguliwa bila kupanga, ambao ulikuta kesi 95 adhabu iliyotolewa haikua halali kisheria. Tisini na tano. Hatuongelei majaji wazembe hapa, hawa ni majaji wenye uzoefu, wana mawakili wa pande zote mbili mbele yao, na bado kwenye kesi hizo zaidi ya mmoja kati ya watatu alihukumiwa kwa adhabu ambayo sheria haiijui. Kila moja ya hizo 95 ni binadamu. Mwingine amekaa ndani zaidi ya alivyostahili, mwingine ametoka mapema na aliyemuumiza hajui hata kwa nini.

Walichofanya ni kitu wenyewe wanakiita kufagia. Badala ya kumwambia jaji atafute sheria ilikuaje siku kosa lilipotendeka, afu ilibadilikaje, afu mabadiliko yalianza lini, wakasema kuanzia tarehe fulani kila anayetiwa hatiani jaji afungue kitabu kimoja tu, hata kama kosa ni la miaka mingi nyuma, ila asipewe adhabu kubwa kuliko ile ya juu iliyokuwepo alipotenda kosa. Kitabu hicho kikaanza kutumika tarehe 1 Desemba 2020. Niliposoma hiyo habari nilikumbuka zile kurasa ngumu kama kadibodi, nikafikiria ni watu wangapi duniani wamepoteza haki yao kwa sababu tu kipande cha karatasi hakijabandikwa.

Kazi ya kufuta sheria zilizokufa ntaipitia haraka, ingawa ndo inayopendwa na magazeti. Mwaka 2013 kwa mapendekezo ya tume mbili, ya Uingereza na ya Scotland, zilifutwa sheria nzima 817 kwa mkupuo mmoja, ikiwemo ya 1696 ya kutoza kodi ili kujenga upya kanisa la St Paul baada ya moto wa London, na zingine kadhaa za kampuni za reli za India ya mkoloni. Ni vizuri zimetoka. Ila sheria iliyokufa kabisa haimuumizi mtu sana, inayoumiza ni ile iliyo nusu hai.

Na Australia nao niwataje, kwa sababu wanajibu wale wanaosema hizi tume ni za mambo ya kiufundi tu zisiguse mambo mazito. Tume yao ilianza 1975 na Michael Kirby akiwa mwenyekiti, na moja ya ripoti zake za mwanzo kabisa, ya 1977, ilihusu kupandikiza viungo vya binadamu, yaani lini hasa mtu amekufa, nani aruhusu figo itolewe, mtoto je. Kuna jambo zito kuliko hilo? Walitoka wakawasikiliza watu hadharani, na pale ambapo wao wenyewe hawakukubaliana, juu ya watoto kutoa viungo, tofauti zao ziliandikwa humo humo ndani ya ripoti watu wazione. Sheria za majimbo yao zilikuja kujengwa juu ya drafti ile. Mi naamini tume inayoogopa mambo mazito inakua karani tu.

Sasa uchungu. Tume haitungi sheria, inapendekeza, na pendekezo linaweza kuwekwa kabatini likaota vumbi. Uingereza bado wanatumia sheria ya 1861 kwa makosa ya kupiga na kujeruhi watu, tume ilishapendekeza ibadilishwe mwaka 1993, ikarudia 2015, sheria ipo vile vile. Na serikali ikichoka na tume yenyewe haihitaji hata kuifuta. Canada tume ya kwanza ilianza 1971 ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaanzisha nyingine 1997, mwaka 2006 ikakatiwa hela, sheria iliyoiunda haikufutwa, ikabaki kitabuni bila ofisi wala kamishna mpaka ilipofufuliwa 2023. Miaka 17. Maswali yote yaliyozaliwa katikati hapo, intaneti, data za watu, hayakua na tume ya taifa ya kuyashika nchi nzima ikiangalia.

Ndo maana mtu akiniuliza nifanye nini kwanza, niongeze makamishna au niongeze mamlaka, nasema kwanza lazimisha jibu. Toka 2009 Uingereza waziri anatakiwa na sheria apeleke taarifa bungeni kila mwaka, mapendekezo yapi ya tume yametekelezwa, yapi bado, na kwa nini bado. Haimlazimishi akubali. Inamlazimisha aseme. Wanaodharau kitu hiki hawajawahi kukaa upande wa mtu anayesubiri jibu lisilokuja. Na kwa Bunge lililochaguliwa na watu nadhani hapo ndo mpaka sahihi, tume isiyochaguliwa isiwe na nguvu ya kutunga, ila iwe na haki ya kujibiwa.

Kujibiwa ninakokusema nilishakuonja mwenyewe. Kuna tume moja ilitoa waraka wa maoni kuhusu namna ya kuwafikishia watu wito wa mahakama, na mimi kwa sababu ya yule mama nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Nilipendekeza vitu viwili, kwamba ujumbe wa simu uhesabike kua mtu amepata wito, na kwamba kesi ikiahirishwa kwa kosa la wakili au la mahakama, karani awe na wajibu wa kumjulisha mteja kabla hajasafiri. Sikutegemea kitu. Nilikua mtu tu, sina cheo. Baada ya mwaka na kitu ripoti ikatoka nikaitafuta mstari kwa mstari, nikakuta aya inayoanza "mchangiaji mmoja alipendekeza". La karani walilichukua, limo kwenye drafti yao. La ujumbe wa simu walilikataa, wakaandika sababu mbili: kuna nyumba simu moja inatumiwa na watu wanne, na kuna watu wanabadilisha namba bila kumwambia mtu, sasa mtu kama huyo atahukumiwa kwa kutofika kwenye kesi ambayo hajawahi kuisikia.

Niliisoma aya hiyo mara tatu. Wa namba iliyobadilika sikua nimemfikiria kabisa.